BUNDUKI KUUKUU, MTUTU MPYA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa chakula wa shule. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Katibu wetu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote linalohusu kazi yangu. Katika darasa letu walitoka madaktari, wahandisi, wakuu wa wilaya wawili na askofu mmoja. Mimi nilitoka fundi wa bunduki. Nilianza katika ghala la silaha la serikali, nikamaliza katika karakana yangu mwenyewe yenye leseni, na miaka yote hiyo kazi iliyonipa riziki zaidi ni moja: kuzikagua na kuzitengeneza bunduki za zamani za kijeshi ambazo mtutu wake wa kwanza umeondolewa na kutiwa mwingine, ili zipige risasi ya aina nyingine. Ndiyo habari nitakayosema leo. Msihofu, sitatoa kitu chochote mfukoni.

Nina sababu ya kuichagua habari hii. Katika ukumbi huu wamo watu wengi ambao nyumbani kwao, kabatini au juu ya dari, au katika ghala la polisi kwa jina la familia, ipo bunduki ya marehemu baba au babu. Nyingi kati ya hizo si kama zilivyotoka kiwandani. Mwenye nayo hajui, na kutojua huko kunaweza kumng'oa mtu jicho au kumtoa roho.

BUNDUKI YENYEWE

Wale tuliopita Jeshi la Kujenga Taifa tulifundishwa kuifungua silaha na kuifunga. Kwa hiyo nitapita upesi. Nazungumzia bunduki za bolti, zile unazokoki kwa mkono risasi moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga na kufungua komeo la mlango. Zina sehemu kuu tatu za chuma. Ya kwanza ni mtutu, ambao wazee wa pwani huuita kasiba. Ya pili ni mwili wa chuma ambamo bolti huteleza, nasi mafundi tunauita risiva. Ya tatu ni bolti yenyewe. Mtutu umekazwa kwenye risiva kwa hesi, kama vile bomba la maji linavyokazwa kwenye kiungo chake. Na kwa kuwa umekazwa kwa hesi, waweza kufunguliwa na kutiwa mwingine. Hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

Bunduki mbili ndizo zilizoenea zaidi katika nchi zetu. Moja ni Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898, kazi ya Peter Paul Mauser wa mji wa Oberndorf. Bolti yake ina masikio mawili mbele, karibu kabisa na risasi, yanayojifunga ndani ya risiva, na sikio la tatu nyuma kwa usalama. Aidha ina matundu ya kutoa moshi iwapo ganda la risasi litapasuka, ili moto usimrudie mpigaji usoni. Ya pili ni Lee-Enfield ya Kiingereza, iliyotengenezwa zaidi ya milioni 17 kwa jumla ya aina zake zote. Hiyo ndiyo bunduki ya King's African Rifles, ya polisi wa kikoloni na ya askari wengi wa wanyamapori. Bolti yake hujifunga nyuma. Kwa sababu hiyo huteleza upesi sana mkononi, lakini risiva yake hunyumbuka zaidi risasi inapolipuka. Tofauti hiyo ya mbele na nyuma, ndugu zangu, mtaikuta tena baada ya muda kidogo.

RISASI NDIYO BWANA

Watu hudhani bunduki ndiyo bwana na risasi ni mtumwa wake. Sivyo. Bunduki bila risasi yake ni fimbo nzito. Historia ya nchi yetu inathibitisha jambo hilo kuliko kitabu chochote cha ufundi.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani hapa walikuwa wamebeba bunduki za mwaka 1871, zenye kipenyo cha milimeta 11 na baruti nyeusi. Kila askari alipopiga, wingu la moshi lilisimama juu ya kichwa chake likimwonyesha adui mahali alipo. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yakawaachia bunduki za Kiingereza na risasi zake nyingi, nao wakazitumia. Mwezi Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, iliingia ghuba ya Manza karibu na Tanga ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza. Iliungua na kuzama kwenye maji mafupi, lakini shehena ikaokolewa. Risasi zilikuwa zimelowa. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, kisha zifungwe upya kwa mkono. Fikirini kazi hiyo! Mwaka 1917 walivuka Ruvuma, wakawashinda Wareno pale Ngomano, wakachukua bunduki za Kireno na risasi zake. Jeshi hilo lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, sehemu kubwa ya bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Walikuwa wameifuata risasi kila ilikokwenda, na bunduki ikabadilika kwa kuifuata risasi.

Jeshi lililo porini hubadili bunduki nzima. Jeshi lenye kiwanda hubadili mtutu tu. Hilo ndilo lililotokea duniani baada ya Vita ya Pili.

MATAIFA YALIVYOFANYA

Norway ilipokombolewa mwaka 1945 ilikuta maghala yamejaa Mauser za Kijerumani za milimeta 7.92. Lakini Wanorway walikuwa wanapata risasi za Kimarekani za .30-06. Je, watupe bunduki nzuri? Hapana. Walitoa mitutu wakatia mipya. Israeli ilinunua Mauser za namna hiyo mwaka 1948, na risasi ya 7.62 ya nchi za NATO ilipokwisha kuwa kawaida, ilizibadili kwa risasi hiyo na kuchoma tarakimu 7.62 kubwa kwenye mti wa kitako ili askari asikosee hata gizani. Hispania ilizibadili zake vilevile.

Kwa nini Mauser hukubali upesi hivyo? Jibu linahitaji hesabu ndogo ya darasa la fizikia. Kitako cha ganda la 7.92 ya Mjerumani kina kipenyo cha karibu milimeta 12. Cha .30-06 ya Mmarekani, karibu milimeta 12. Cha 7.62 ya NATO, karibu milimeta 12. Cha 7×57, vivyo hivyo. Tangu zamani wabunifu wengi waliufuata msingi ule ule, kwa hiyo uso wa bolti unaomkumbatia mmoja humkumbatia na mwenzake. Ukibadili mtutu, mara nyingi umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1905 alitoa risasi ya 9.3×62, nene na nzito, iliyoingia katika Mauser ya kawaida bila kuhitaji risiva ya pekee. Walowezi wa Kijerumani wa Afrika wakapata kwa bei nafuu bunduki ya kumkabili nyati.

Lee-Enfield haikukubali upesi hivyo. Risasi yake, .303, ina ukingo uliotokeza kwenye kitako, wenye kipenyo cha karibu milimeta 13.7, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame mno ndani ya chemba. Risasi ya NATO haina ukingo kama huo, nayo huzuiwa na bega lake. Hapo mtutu peke yake hautoshi. Hapana budi kubadili kichwa cha bolti, ukucha wa kuvutia ganda, na magazini.

Kuna na jambo la nguvu. Kwa vipimo vya Ulaya, .303 inaruhusiwa kufikia bar 3,650, na ndugu yake wa kiraia wa risasi ya NATO, .308 Winchester, bar 4,150. Ikumbukeni risiva inayonyumbuka niliyoisema. Wahindi katika kiwanda chao cha Ishapore, baada ya vita vyao na Uchina vya 1962, walitaka Lee-Enfield ya 7.62. Hawakutia mtutu mpya kwenye risiva yoyote iliyookotwa ghalani. Walitengeneza bunduki mpya kwa chuma bora zaidi, wakaiita 2A. Waingereza nao walichagua Lee-Enfield zao nzuri kuliko zote, zile za walenga shabaha, wakazitia mitutu mizito ya 7.62, nazo zikatumika kwa jina la L42A1 tangu mwaka 1970 hadi katika miaka ya 1980. Nasema hivyo ili mwone kwamba hata serikali zenye viwanda na maabara zilikwenda kwa hadhari. Basi mtu mwenye mashine ya kukereza chini ya mwembe ajiulize mara mbili.

KAZI YA FUNDI

Vijana wameniuliza: kazi yenyewe hufanywaje? Sitawafundisha ufundi kwa dakika chache, na sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kuugusa. Nitaeleza tu mahali ambapo moyo wa fundi hudunda.

Mtutu mpya ukikazwa na chemba ikachongwa, swali ni moja: risasi ikikaa ndani na bolti ikafungwa, kuna nafasi kiasi gani kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi? Ikikosekana kabisa, bolti haifungi. Ikizidi, ganda husukumwa nyuma kwa kishindo, shaba yake hunyooka kama mpira, hukatika, na gesi yenye moto hutoka kutafuta njia, na njia iliyo karibu ni uso wa mpigaji. Tofauti kati ya bunduki salama na bunduki muuaji ni sehemu chache za kumi za milimeta. Ukucha wenu ni mnene kuliko hapo. Ndiyo maana fundi ana geji za chuma kigumu: moja bolti lazima ifunge juu yake, nyingine bolti lazima ikatae. Waingereza kwenye Lee-Enfield Namba 4 waliweka vichwa vya bolti vya saizi nne, vikiandikwa 0, 1, 2 na 3, ili fundi achague kinachofaa. Ndiyo sababu pia bolti ya bunduki moja haiingizwi katika nyingine ovyo, hata kama zinafanana kama mapacha.

Jambo la pili ni chuma cha risiva yenyewe. Mtutu mpya hauitii ujana risiva mbovu. Wamarekani walijifunza kwa gharama. Bunduki zao za Springfield za mwaka 1903 zilichomwa moto kiwandani na mafundi hodari waliopima joto kwa macho, kwa kuangalia rangi ya chuma. Siku ya jua kali rangi ilionekana hafifu, fundi akazidisha moto, chuma kikaungua kikawa kama kigae. Baadhi zilipasuka mikononi mwa watu. Kuanzia 1918 wakabadili utaratibu wa kuchoma, na tangu hapo bunduki za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000 hutazamwa kwa mashaka. Fundi mzuri husoma namba kabla ya kushika spana.

Jambo la tatu ni tamaa ya kuikuza. Kanuni za uwindaji zinataka bunduki ya .375 kwenda juu kwa wanyama wakubwa wa hatari kama tembo na nyati. Basi mtu ana Mauser ya jeshi iliyokusudiwa risasi yenye urefu wa milimeta 82, naye anataka ipige .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, ambayo urefu wake ni kama milimeta 91. Ili iingie, fundi huchonga chuma mbele na nyuma ya magazini. Chuma cha mbele ndicho kinachoshikilia sikio la chini la bolti. Anachonga kuta za nyumba ili apitishe kabati! Wapo mafundi mashuhuri waliofanya kazi hiyo kwa uangalifu na bunduki zikadumu. Lakini nimezipokea karakanani nyingine ambazo ukuta uliobaki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliwaambia wenyewe wazitundike ukutani. Kampuni ya Winchester ilipotoa .458 mwaka 1956, sababu mojawapo ya kupendwa kwake ni kwamba urefu wake unaingia katika risiva ya kawaida.

Na isidhaniwe kwamba unene ndio ushujaa. Mskoti Bell, yule aliyewinda Karamoja nchini Uganda hata akaitwa kwa jina la mahali hapo, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa risasi ya 7×57, ambayo ni risasi ya kijeshi ya Mauser, nyembamba kuliko kidole changu kidogo. Alijua mifupa ya kichwa cha tembo kama daktari. Simsifu kwa idadi hiyo, maana tembo hao tungewahitaji leo. Nasema tu kwamba shabaha ilifanya kazi ambayo wengine waliiachia baruti.

MJANE NA BUNDUKI YA "MILIMETA 8"

Sasa nifike penye shabaha ya hotuba yangu. Miaka kadhaa iliyopita alikuja karakanani kwangu mjane wa rafiki yetu mmoja wa shule hii. Sitamtaja. Alifuatana na mwanawe wa kwanza na askari wa kituo chao, kwa kuwa bunduki ilikuwa inahamishwa katika mirathi.

"Shemeji," akaniambia, "hii ni ya mwenzako. Yeye naye aliipata kwa baba yake. Mtoto anataka kibali aitumie shambani, nguruwe wanatumaliza. Itazame kama ni nzima."

Ilikuwa Mauser, safi, imepakwa mafuta, mti umepunguzwa na kusuguliwa vizuri mtindo wa wawindaji. Leseni ilisema: Mauser, milimeta 8. Leseni ya kabla yake ilisema hivyo hivyo, na ile ya kabla yake, kurudi nyuma hadi karatasi ya wakati wa ukoloni. Kila karani alinakili alichoandika mwenziwe. Kijana alikuwa na kibali cha kununua risasi za milimeta 8, naye alitaka kwenda dukani siku ile ile.

Nikasema tungoje. Nilifanya mambo mawili ambayo fundi yeyote hufanya kwa bunduki asiyoifahamu. La kwanza, nilisukuma kipande cha risasi laini kupitia mtutu, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikakipima kwa maikromita. Milimeta 8 ya Kijerumani ya tangu mwaka 1905 ingenipa kama 8.20. Kipande changu kilitoa 7.82. La pili, niliyeyusha salfa nikaimimina katika chemba, ikaganda, nikaitoa kama mtu anayetoa keki katika chombo chake. Ilikuwa sura kamili ya .30-06. Kisha tukaondoa mti, na chini yake, mahali ambapo jicho halifiki, mtutu uliandikwa hivyo hivyo kwa herufi ndogo.

Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alibadili mtutu. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Geji zangu zote zilimkubali. Lakini hakupeleka habari kwa aliyeandika leseni, wala hakuweka alama mahali panapoonekana.

Kijana akauliza, "Sasa mzee, ningetia hiyo ya milimeta 8 ingekuwaje? Si isingeingia tu?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hapo ndipo penye mtego. Chemba ya .30-06 ni ndefu kuliko ganda la milimeta 8. Usiamini kwamba chuma kitakukatalia kila kosa. Bolti ikijifunga, utavuta, na kipande cha milimeta 8.20 kitalazimishwa kupita tundu la 7.82. Moto usipopata nafasi mbele hurudi nyuma."

Yule mama hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Mume wangu aliibeba miaka ishirini."

Marehemu aliibeba, lakini tangu uwindaji ulipofungwa nchini kwetu mwaka 1973 hakuipiga hata mara moja, na ulipofunguliwa tena mwaka 1978 alikwisha kuiweka kabatini. Marehemu mzee wake, aliyeijua siri, alikuwa na risasi zake mwenyewe. Siri ilizikwa naye. Wakati mjane na mwanawe wakiwa pale pale tulijaza fomu ya marekebisho, askari akatia saini, nami nikagonga kipimo sahihi juu ya mtutu mahali ambapo hata mwenye macho kama yangu ataona. Baadaye mama aliamua bunduki ikabidhiwe polisi moja kwa moja, akajenga ua wa miti ya miiba kuzunguka shamba. Mwanawe hakufurahi, lakini yuko hai na macho yake yote mawili, naye leo ni mwanachama wa umoja huu.

ALAMA ZINAZODANGANYA

Msidhani kisa hicho ni cha peke yake. Zile Mauser za Norway nilizozitaja, nyingi zimeandikwa kwenye mtutu 7.62, wakati risasi yake ni .30-06, ambayo kwa milimeta ni 7.62×63, wala si 7.62×51 ya NATO. Tarakimu ni ile ile, risasi ni mbili. Ukijumlisha na 7.62×54 ya Kirusi na 7.62×39 ya bunduki za kijeshi za siku hizi, mtaona kwamba mtu anayesema "nipe risasi za 7.62" hajasema kitu. Tena milimeta 8 ya Kijerumani yenyewe ni mbili: ile ya asili ya mwaka 1888, ambayo kichwa chake ni kama milimeta 8.08, na ile ya tangu 1905 ya milimeta 8.20. Bunduki za uwindaji za walowezi wa Kijerumani zilizotengenezwa kwa kipimo cha kwanza zingalipo.

Huko Marekani kuna kisa maarufu cha mtu aliyechukua bunduki ya Kijapani ya Arisaka ya milimeta 6.5, akachonga chemba ili ipokee .30-06, lakini mtutu akauacha ule ule. Akapiga kichwa cha milimeta 7.8 kupitia tundu la milimeta 6.5, akaua swala, kisha akalalamika kwamba bunduki inapiga bega sana! Risiva ya Arisaka ni imara ajabu, ndiyo iliyomwokoa. Tucheke, lakini tusijaribu. Wajapani hawakutengeneza kila bunduki iliyopo ulimwenguni.

Waingereza wana dawa ya tatizo hili. Huko London, na tangu 1813 Birmingham, kuna nyumba za majaribio. Bunduki yoyote iliyotiwa mtutu mpya hupigwa humo kwa risasi yenye nguvu kuliko kawaida, na ikistahimili hugongwa muhuri wa kipimo kipya. Bila muhuri hairuhusiwi kuuzwa. Kwa hiyo ukipata bunduki ya huko, tafuta muhuri, na utazame kama kipimo kilichogongwa kinaafikiana na tundu lenyewe.

NINAYOWAOMBA

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa, na harufu ya pilau imekwisha fika. Nitamaliza kwa maombi manne.

La kwanza: mwenye bunduki ya urithi asiipige hata risasi moja mpaka fundi mwenye leseni ameipima mtutu na chemba. Asiamini leseni, asiamini maandishi ya kitako, asiamini risasi zilizokutwa katika kopo kando yake.

La pili: anayetaka kubadili mtutu aulize kwanza kama risiva inastahili. Kama ni ya kale na nzima yenye mtutu wake wa asili, namba zote zikifanana, naomba aiache kama ilivyo. Bunduki ya namna hiyo ni hati ya historia. Ukitoa mtutu wake umechana ukurasa, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Zilizokwisha kubadilishwa zinatosha kwa kazi ya shamba.

La tatu: mabadiliko yoyote yaandikwe. Yaandikwe kwenye chuma mahali panapoonekana, na yaandikwe kwenye leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kumwogopesha mtu mwema. Karani akinakili kosa, nenda na fundi wako ukalisahihishe. Kalamu ya karani imeua watu wengi kuliko watu wanavyodhani.

La nne ni kwenu, wazee wenzangu. Mwenye siri ya kitu hatari nyumbani aitoe angali hai. Mwambieni mkeo, mwambieni mwana. Tunawaandikia watoto wosia wa ng'ombe na mabati, lakini hatuwaandikii kwamba bunduki iliyo kabatini si ile inayosemwa na karatasi. Heri aibu ya kueleza kuliko msiba wa kunyamaza. Na asiyetaka tena kuwa na silaha nyumbani aipeleke kituoni mchana kweupe, mbele ya mjumbe wake, apewe hati.

Nitakaa karibu na meza ya chai baada ya chakula. Mwenye swali aje, lakini tafadhali bunduki aiache nyumbani, alete namba zake tu zilizoandikwa kwenye karatasi.

 Shule yetu idumu.